Pete ya uchumba Arusha: jiwe lipi litahimili vumbi letu?

Dada yangu alivishwa pete ya tanzanite miaka sita iliyopita. Juzi niliitazama kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia cha sonara: kingo zimelika, uso umefifia kama kioo cha gari lililokula barabara ya vumbi. Hakuna aliyemdanganya, jiwe ni halali kabisa. Ila ugumu wa tanzanite ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, na mchanga uliomo kwenye vumbi hufika 7. Akifuta meza tu, jiwe linachubuka.

Kwa hiyo kwa pete ya kila siku, namba moja naipa almasi ya maabara. Wengi huiita feki, na wanakosea. Ni kaboni ileile, ugumu uleule wa 10, mng'ao uleule. Imekuzwa tu kiwandani kwa wiki kadhaa, ama kwa mgandamizo na joto kali, ama kwa gesi inayojenga jiwe tabaka kwa tabaka. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgodini yenye karati zilezile. Usiinunue kama akiba, maana bei zake zimeporomoka. Siku ya kuuza, tegemea thamani ya dhahabu ya pete.

Dai cheti cha IGI au GIA, taasisi zinazopima vito, kisha omba lupu usome mwenyewe namba iliyochorwa kwa leza kiunoni mwa jiwe. Isipolingana na cheti, ondoka. Kile kikalamu cha kupimia almasi kisikutulize: kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, hivyo hakitofautishi ya maabara na ya mgodini, na moisanaiti, jiwe jingine la maabara linalofanana na almasi, nayo hukipita.

Moisanaiti yenyewe ni namba mbili. Ugumu wake ni 9.25, bei ni rahisi zaidi, na humetameta rangi za upinde wa mvua. Kwenye jiwe kubwa mimi naona zimezidi. Ya tatu ni almasi ya mgodini, hata ile ya Mwadui. Nzuri, lakini kwa vijana wanaoanza maisha, tofauti ya bei ni mabati ya nyumba. Zirkonia, jiwe la bei rahisi la kuiga almasi, iwe ya mwisho, hupauka.

Na tanzanite? Ilijulikana mwaka 1967 hapo Mirerani, na duniani haichimbwi kwingine. Inaniuma kuishusha, kwa hiyo naipandisha pengine: kwa hereni na kidani ndiyo ya kwanza, kwani huko haigongwi. Nunua kwenye duka lenye leseni, upewe risiti, si mkononi mwa mtu barabarani. Kabla ya kulipa, itazame penye mwanga wa mchana, kwani taa za dukani hupamba. Igeuze polepole uone bluu ikihamia zambarau. Kuisafisha, maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya mitetemo inaweza kuipasua.

Ya dada itang'arishwa upya, iwe kidani.