Mitego ya nzi wa matunda: uzoefu wangu kwenye miembe

Nina miembe Mkuranga, ya aina za Dodo na Keitt. Keitt huchelewa kuiva, kwa hiyo ndiyo inayoshambuliwa zaidi na nzi wa matunda, huyu aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003. Embe kwa nje linavutia, ukilikata unakuta funza. Kupiga dawa hakuwafikii, maana jike hutaga mayai chini ya ganda.

Sasa natumia mitego: kopo la plastiki lenye matundu, ndani mna chambo cha methyl eugenol (kemikali yenye harufu inayovuta nzi) na dawa kidogo ya kuulia. Dawa inabaki humo humo, haigusi embe. Nilipotundika wa kwanza kivulini, katikati ya majani, sikuwa nimemaliza kufunga waya nzi wakaanza kuzunguka matundu. Kwa hilo naisifia bila kusita.

Ila muuzaji hakuniambia kwamba chambo hiki kinavuta madume tu. Madume wakipungua, majike wengi hukosa wa kupandana nao na mayai yao hayaanguliwi. Lakini jike aliyekwisha kupandwa kwenye shamba la jirani anakuja moja kwa moja kwenye embe lako. Kwa hiyo mtego peke yake hautoshi. Embe zilizoanguka lazima ziokotwe kila siku, kabla funza hawajatoka na kujichimbia ardhini wakageuke nzi. Mimi nazifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka wafe. Wengine huzifukia kwenye shimo refu.

Pia paka grisi kwenye waya, la sivyo maji moto, wale chungu wa mitini, watashuka kula nzi waliokufa na hutajua mtego umenasa kiasi gani. Lakini tafadhali msiwaue hao chungu! Kwenye miti yenye viota vyao naona embe chache sana zilizotobolewa. Wachumaji wangu wanawalalamikia kwa kung'atwa, na wana haki, ila siwaondoi.

Nitanunua tena. Chambo hupungua nguvu baada ya mwezi au mwezi na nusu hivi, kwa hiyo uliza kabisa dukani kama wana cha akiba. Kwangu kiliisha katikati ya msimu, maduka ya pembejeo ya karibu hayana, na Keitt za wiki zile ndizo zilizoharibika zaidi.