Ramani ya simu kwenye njia ya Maseno: nyota tatu, na chanzo ni mti

Kwa kufuata lami, Google Maps inatosha kabisa magharibi mwa Kenya. Kisumu hadi Maseno ni kilomita 25 hivi, na kila kona ya mlima imo. Kwa kazi hiyo tu ningeipa nyota tano. Mbili zimepotelea kwenye majina, na hapo mhandisi wa ramani hana lawama nyingi.

Karibu na mahali ambapo wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, wakiongozwa na J. J. Willis, waliweka makazi yao palikuwa na mti. Wajaluo wanauita oseno, Waluhya oluseno. Jina Maseno likatokana nao, na shule ikafunguliwa mwaka 1906. Baada ya hapo jina halikukaa chini: hospitali ya misheni, mji, kisha chuo kikuu kilichokua kutoka chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali, kikapata hadhi kamili mwaka 2001. Waliolipeleka mbali zaidi ni Waanglikana. Dayosisi ya Maseno Kaskazini ina makao Kakamega, ya Maseno Kusini iko Kisumu mjini, ya Maseno Magharibi iko Siaya. Ofisi tatu zenye jina la mti mmoja, na hakuna iliyo Maseno.

Sasa mtu anaandika "Maseno" peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia halafu anabonyeza la kwanza linalotokea. Mgeni wa harusi anaweza kujikuta kwenye lango la chuo, na mwenye barua ya dayosisi akapandishwa mlima bure wakati ofisi aliyoiacha nyuma iko Kisumu. Dawa ni kuandika vitu viwili kila mara: kile unachokitafuta na mji kilipo. "Dayosisi Maseno North Kakamega." "Maseno School Maseno." Kwa chuo kikuu ongeza kama ni Siriba, College au kampasi ya Kisumu mjini, kwa sababu barua ya kujiunga isiyotaja kampasi haimsaidii mtu yeyote, ramani wala boda.

Njiapanda ya Kisian inahitaji macho. Barabara ya Busia inapanda kwenda Maseno na Luanda. Nyingine inaelekea Bondo na Usenge. Bondo nayo ni jina la mti: ndivyo Wajaluo wanavyouita mpopongi, ule mti wa utomvu mweupe wenye matawi kama kinara cha mishumaa. Ukipanda matatu Kisumu, soma kibao. Gari la Luanda au Busia litakupitisha Maseno, la Bondo halitakupitisha. Sauti ya simu inayatamka majina haya vibaya, basi usiitegemee kushuka. Mwambie makanga mapema, na umtajie steji, si jina la ofisi.

Vituo vidogo ndivyo vinavyoishinda ramani zaidi. Ober Kamoth, Kisumu Magharibi, inabeba jina la ober, ambao wataalamu wanauita Albizia coriaria, na anayeandika "Obber" au "Oberkamoth" anaweza kuambiwa hakuna matokeo. Majina yenye ng' ni mabaya zaidi. Ng'owo, yaani mkuyu, huandikwa na watu kwa ritifaa (alama ya ') na bila ritifaa, wengine huandika Ng'ou. Jaribu tahajia zote kabla ya kuamua kwamba mahali hapapo. Ukivuka kwenda kwa Wakalenjin shida inageuka: mahali panapoitwa Simotwo, kutokana na simotwet ambao ni mti wa jamii ya mkuyu, ni zaidi ya mahali pamoja, kwa hiyo lazima utaje kaunti. Tarakwa ya Uasin Gishu, ya mtarakwa, inapatikana kwa urahisi kidogo.

Watu wengi wakishindwa na jina hutumiana namba za latitudo na longitudo. Njia nzuri, ila ikweta inapita hapa hapa, na alama ya kutoa ikidondoka umepotea. Kisumu mjini iko karibu digrii 0.09 kusini. Andika 0.09 bila alama ya kutoa na pini inaruka kilomita 20 kaskazini, kwenye vilima vya Vihiga. Maseno yenyewe, kwa kuwa imekaa juu ya mstari, ndiyo mahali pekee njiani ambapo uzembe huo haukuponzi.

Heri plus code, msimbo wa mahali unaotolewa na Google Maps. Bonyeza mahali kwa muda, skroli chini, nakili msimbo wenye alama ya +. Una herufi na tarakimu bila irabu, hautegemei tahajia ya mtu, na ule kamili wa tarakimu kumi unaonyesha kipande cha mita 14 kwa 14. Ule mfupi lazima uambatane na mji. Andika Kisumu au Luanda, usiandike kijiji.

Pakua eneo lote kabla ya kutoka, kuanzia Kisumu hadi Busia, ukiwa na Wi-Fi. Bila bando utapata maelekezo ya gari, lakini ya kutembea kwa miguu hayatakuwepo, na ni yale yale unayoyahitaji ukishashuka steji. Hapo programu ya OsmAnd, inayotumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, inaishinda Google Maps: inaelekeza mtembea kwa miguu bila mtandao. Udhaifu wake ni kwamba vijiji vingine vina mstari wa njia bila jina lolote.

Faida yake ni kwamba unaweza kulijaza pengo hilo mwenyewe. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, chagua nukta, weka jina linalotumika zaidi kwenye "name", la Kijaluo kwenye "name:luo" na tahajia nyingine kwenye "alt_name". Kitafutio kitazisoma zote. Kama steji inaitwa kwa mti, weka nukta pale magari yanaposimama, usiiweke kwenye shina. Mti ukikatwa barabara ikipanuliwa, atakayekuja kuhakiki asidhani steji imeondoka akaifuta.