Gemu ya dadu Mji wa Kale: tuligombana kwa mapipa ya maji

Mie Dungeons & Dragons (D&D) nshacheza kitambo, ile gemu ya mezani iliyoanza Marekani 1974, mwendeshaji asimulia kisa na kila mchezaji ni mhusika anayeamua atafanya nini, binamu yangu ndo alotufunza. Pahali pa kwanza tulipokuwa twaenda nliacha kwa sababu moja tu, unaambiwa mwokoe mfungwa ama umwache, kumbe uchague lolote mwisho ni ule ule, mwendeshaji kashaamua kwake nyumbani. Sasa hapo umechagua nini?

Huyu jamaa wa Mji wa Kale, Mombasa, anachezesha Jumamosi usiku, kahawa tungu na kashata zipo. Kwanza alitwambia ile sehemu ya wema na uovu kwa karatasi ya mhusika wako, zile aina 9 za tabia, tuiache tupu, ati ataijaza mwenyewe akishatuona.

Basi tukapewa jahazi na mapipa 12 ya maji, twapeleka kisiwa chenye ukame. Njiani twakuta mashua inazama, watu wanane, na mmoja wao ndo yule alotuibia wiki iliyopita. Kuwapakia wote lazima tumwage mapipa matano, na alitwambia kabisa kisiwani kila pipa lina nyumba yake. Hapo ndo nlimpendea, hakutuficha hesabu halafu atutegee. Dadu la pande 20 halikuguswa, kwani dadu ni la kujua kama utaweza, si kama utataka. Tulibishana karibu saa nzima mpaka kahawa ikapoa, binamu akasema yule mwizi abaki na mimi wallahi nilinyamaza, nilikuwa natamani mwengine aseme hapana.

Tuliwapakia wote. Jumamosi mbili mbele tumefika kisiwani, mama aliyetukopesha tanga anatuuliza tu, "Pipa langu liko wapi wanangu?" Hakuna aliyejibu. Na yule mwizi hajabadilika akawa malaika, yuwala chakula chetu tu mpaka leo.

Kasoro zipo. Saa mbili yake ni saa tatu, dadu seti moja watu watano, na meza iko mlangoni tuktuk zikipita husikii kitu. Mie wa Likoni kurudi usiku ni shughuli. Ukienda beba dadu zako. Mtoto mdogo usimpeleke, hayo mambo ya mashua yatamkosesha usingizi.

Karatasi yangu keshaijaza, kwa penseli. Nimemuuliza mbona si kalamu, akacheka.