Uchambuzi wa Interlukini-6 ya Kichupa: Chemsha Sehemu Yake Kwanza

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kichupa hiki nilichokishika kina unga wa interlukini-6, sitokini ambayo seli za kinga huitumia kupashana habari za maambukizi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba sindano yake moja tu kwa panya mwenye mimba inatosha kubadili tabia ya watoto wake wakishakua. Namna ya kuuyeyusha unga na kuuhifadhi kwenye baridi mnaijua, kwa hiyo sitaieleza.

Kinachonikera ni kile kisichoandikwa kwenye lebo: kiasi cha endotoksini, yaani sumu itokayo kwenye utando wa bakteria. Protini hii imezalishwa ndani ya bakteria Escherichia coli, ambao utando wao wa nje una lipopolisakaridi, na hiyo ndiyo endotoksini yenyewe. Mabaki yake yakiingia kichupani, mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, huyatambua kwa kipokezi cha TLR4, nazo huanza kutoa sitokini za uvimbe kama TNF, interlukini-1 na hata interlukini-6 yao wenyewe. Mtafiti atadhani anaona kazi ya sitokini aliyoinunua, kumbe anaona kazi ya uchafu.

Sogeeni karibu mtazame sahani hizi tatu zenye seli changa za ubongo pamoja na mikroglia. Ya kwanza sikuitia kitu. Ya pili nimeitia sitokini kama ilivyotoka kichupani. Ya tatu nimeitia sitokini ileile baada ya kuichemsha mpaka protini ikaharibika. Endotoksini haiondoki kwa kuchemshwa, kwani huteketezwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa muda wa nusu saa. Kama kichupa kingekuwa safi, sahani ya tatu ingefanana na ya kwanza, lakini oneni TNF yake: imepanda karibu sawa na ya pili. Nilipoongeza polimiksini B, ambayo hunasa lipopolisakaridi, ikashuka. Nimeudhika kweli, kwa sababu wiki nzima ya seli imepotea.

Hata hivyo, protini yenyewe inafanya kazi. Katika sahani isiyo na mikroglia niliongeza kipokezi chake kinachoelea, maana seli changa zina vipokezi vichache vya interlukini-6, na baada ya siku kadhaa zilionyesha GFAP, protini iliyo alama ya astrositi, yaani seli za ubongo zinazosaidia niuroni. Ishara ilipita kwenye gp130, sehemu ya kipokezi inayopeleka ishara ndani ya seli, ikaamsha STAT3, protini inayowasha jeni. Iliyochemshwa haikufanya hivyo.

Anayetaka astrositi tu atumie LIF, sitokini nyingine inayopita kwenye gp130 hiyohiyo bila kuhitaji kipokezi hicho cha nyongeza, mimi naipendelea. Anayechunguza maambukizi ya mama mjamzito hana budi kutumia interlukini-6, na kichupa chenye kipimo cha endotoksini, ingawa bei yake ni kubwa zaidi, ndicho ningemshauri anunue.

Video ijayo ni ya interlukini-17A, sitokini nyingine, na nitaichemsha mbele yenu kabla ya kugusa seli yoyote.