Kozi ya visasili, dini, falsafa na sayansi: nzuri, ila sehemu ya kwanza ruka

Nimeimaliza hii kozi ya video na kwa anayejiuliza ailipie au aachane nayo, mi nasema chukua. Ila sehemu ya kwanza ruka. Yote ni ile habari ya Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa, kwamba binadamu alianza na miungu, akaja kwenye falsafa, mwisho akafika kwenye sayansi, kama mtu anapanda ngazi, na mwalimu anaieleza kana kwamba haijawahi kupingwa. Sasa masomo yake mwenyewe yanayofuata ndo yanaibomoa hiyo ngazi na yeye wala hashtuki.

Angalia somo la Babeli, kwangu ndo bora kuliko yote. Wale watazama nyota waliandika kwenye vibao vya udongo kila mara mwezi ulipopatwa, vizazi na vizazi, mpaka wakagundua inajirudia kila baada ya miaka 18 na siku chache, hiyo ni hesabu kabisa. Na walihangaika hivyo kwa nini? Kwa sababu mwezi kupatwa ilikuwa ishara mfalme anaweza kufa. Kule Ashuru dalili ikiwa mbaya mfalme anafichwa, anakalishwa kitini mtu mwingine tu, anavalishwa kifalme ili balaa limwangukie yeye, halafu siku zikiisha wanamuua. Mwalimu anaonyesha kibao chenyewe anakisoma mstari baada ya mstari, aisee nimelirudia lile somo. Haya niambie hapo kisasili kimeishia wapi na sayansi imeanzia wapi.

La nyakati za swala na kibla nalo safi, jinsi ibada ilivyowasukuma Waislamu kuchimba hesabu za pembe na mwendo wa jua. Halafu Lemaître, padri wa Kikatoliki, ndo huyo 1927 anaandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1951 Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji padri mwenyewe hakupenda. Hapo nilicheka.

Falsafa imepunjwa kwa kweli. Socrates ananyweshwa sumu 399 KK na somo limeisha, Al-Ghazali na Ibn Rushd, wanazuoni wa Kiislamu, wanatajwa majina tu wakati ugomvi wao wa vitabu kuhusu falsafa ungejaza sehemu nzima. Na zile kwizi waziondoe, zinauliza miaka na majina wakati somo zima lilikuwa la kufikiri.

Nyota 4 kati ya 5.