Gereji ya geti la bluu, Industrial Area, Nairobi: huduma ya giaboksi ya klachi mbili iliyofanywa kwa kipimo

Ukiingia Barabara ya Enterprise na kuyapita magodauni ya mabati ambako malori hungoja kupakia, kuna geti la bluu lisilo na bango. Wenye magari ya Kijerumani wanaijua gereji hiyo kwa rangi ya geti, wala hakuna aliyenitajia jina lake. Ndani mna lifti mbili, sakafu ya saruji iliyopigwa deki, na fundi mmoja ambaye kazi yake kubwa ni giaboksi za klachi mbili. Nilimpelekea Golf GTI yangu ya 2015, ya Volkswagen (VW), abadilishe oili na filta ya giaboksi. Naandika kwa sababu kazi hii inaharibiwa mahali pengi hapa mjini, na hapa nimeiona ikifanywa inavyopaswa.

Gari lilitoka Japani na lilikuwa linakaribia kilomita 60,000, kiwango ambacho kitabu chake kinataka oili hiyo ibadilishwe. Halikuwa bovu. Ila asubuhi kwenye foleni ya Bellevue, nikitambaa nyuma ya matatu, lilikuwa likitetemeka kidogo linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Abiria hasikii kitu. Mwenye gari anasikia.

Gereji niliyoipigia simu mwanzo iliniambia oili ya giaboksi haiguswi maisha yote ya gari. Nyingine ikasema nije na lita nne za ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ya aina yoyote nitakayopata Kirinyaga Road. Jibu la kwanza lina asili yake. Golf nyingi za 1.4 zilizoingia Kenya kutoka Japani zina giaboksi ya DQ200, yenye gia saba na klachi kavu, yaani zisizokaa ndani ya oili, iliyotoka mwaka 2008. Hiyo ina oili ya gia isiyofika hata lita mbili, na kiwandani hawakuiwekea kilomita za kuibadilisha. Basi watu wamechukua habari ya DQ200 wakaivisha kila gari lenye herufi DSG, jina ambalo VW huzipa giaboksi zake za klachi mbili. Jibu la pili halina asili yoyote ila uzembe.

GTI yangu ina DQ250, yenye gia sita na klachi zinazoogelea ndani ya oili. VW iliitoa mara ya kwanza mwaka 2003 kwenye Golf R32. Klachi moja inabeba gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na rivasi. Ya pili inabeba gia ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa unakimbia na gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa upande wa pili na inangoja klachi yake tu, ndiyo maana gia hubadilika kufumba na kufumbua bila nguvu kukatika. Oili hiyohiyo moja ndiyo inayopoza klachi, ndiyo inayolainisha meno ya gia, na ndiyo inayosukumwa na mekatroniki, yaani ule ubongo wa vali na kompyuta unaoamua klachi gani ishike na lini. Ikichafuka, vyote vitatu vinaumia kwa pamoja. Na foleni za Nairobi zinaichafua haraka, maana gari linapotambaa klachi haishiki kabisa wala haiachii kabisa. Inasugua tu, na unga wake unaingia ndani ya oili.

Fundi wa geti la bluu aliniuliza namba ya chasisi kabla ya kunitajia bei. Hilo peke yake lilinipa imani. Kisha akaniomba jambo ambalo sijaombwa popote pengine: nilete gari jioni na nililaze pale, ili asubuhi giaboksi iwe baridi.

“Mzee, ukinijia na gari la moto kutoka South C, itabidi tukae tukilingoja,” alisema. “Hii oili inapimwa kwa nyuzi, haipimwi kwa macho.”

Asubuhi nilimkuta ameshaunganisha kompyuta. Alinionyesha kwamba hakukuwa na hitilafu yoyote iliyohifadhiwa, akanionyesha namba za mahali kila klachi inapoanza kushika, akaziandika kwenye daftari ili alinganishe baadaye. Ndipo akainua gari.

Yeyote anayekusudia kumpa mtu mwingine kazi hii na aangalie jambo moja. Ukifungua bolti ya chini ya DQ250, oili inayotoka ni kidogo sana, kwa sababu ndani ya tundu lile kuna kijibomba cha plastiki kinacholinda kiwango. Asiyejua huona oili imekoma, akafunga, akaongeza kidogo, akakuandikia bili ya huduma kamili. Fundi huyu aliingiza ufunguo wa pembe sita wa milimita 8, akakizungusha kijibomba, na hapo oili ikabubujika. Ilikuwa nyeusi, na ilinuka kuungua. Aliipokea kwenye jagi lenye mistari: lita tano na kidogo. Nyingine hubaki ndani, kwani ujazo wote wa giaboksi hii unapita lita saba.

Alichovya kitambaa cheupe, akakinyoosha juani mlangoni. Ulikuwa unga laini wa kijivu, hapakuwa na chembe ya kung'aa.

“Huu ni unga wa klachi, ni kawaida yake,” akasema. “Ningeona vipande vya chuma ningekwambia tusimame hapa tuzungumze kwanza.”

Filta imekaa juu, imefichwa na boksi la hewa, hivyo lazima uvue vitu kabla ya kuifikia. Alilegeza kifuniko chake na kukiacha hivyohivyo kwa muda ili oili iteremke, asije akaimwaga juu ya nyaya, kisha akaichomoa. Oringi ya zamani, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilitupwa mbele yangu. Kuna gereji zinazoirudisha, na ndiyo chanzo cha yale matone ya mafuta ambayo mtu huyaona chini ya gari wiki chache baada ya huduma.

Oili mpya ilikuwa kwenye chupa za lita moja zenye namba G 052 182, na alizifungua nikitazama. Aliijaza kwa mpira kupitia tundu lilelile la chini. Akawasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia moja moja, macho yake kwenye kompyuta. Nyuzi 31. Nyuzi 34. Kipimo sahihi ni kati ya nyuzi 35 na 45 za selsiasi, injini ikiwa inanguruma. Oili ikipata joto inavimba. Ukipima imeshakuwa moto sana, itamwagika ile iliyovimba na giaboksi itabaki na upungufu ikipoa. Ukipima baridi, utafunga ikiwa imezidi. Ilipofika 38 akafungua bolti, oili ya ziada ikatoka kama uzi, ikawa tone moja moja. Akaweka washa mpya, ile pete ya kuzibia bolti, na kukaza kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 45 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hakubahatisha popote.

Baada ya hapo aliifundisha upya mekatroniki mahali klachi zinaposhika, kazi inayofanyika kwa kompyuta gari likiwa limesimama, kisha tukatoka naye barabarani kuelekea Barabara ya Likoni na kurudi. Alikuwa akiongeza mwendo taratibu na kuachia, ili kompyuta imalizie kujifunza. Njiani alinipa mawaidha ya foleni ambayo nayafuata mpaka leo: acha nafasi mbele yako, kisha songa mara moja badala ya kutambaa inchi kwa inchi, ukisimama, kanyaga breki mpaka gari litulie kabisa, kwa kuwa hapo ndipo klachi inapoachia, na kwenye mlima usilizuie gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta.

Matokeo je? Kutetemeka kumepungua sana, hakukuisha kabisa. Asubuhi za baridi ya Julai bado ninakusikia kidogo. Fundi alisikiliza injini ikiwa imetulia na kuniambia kuna mlio hafifu wa flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na giaboksi, ambayo kwenye gari hili ni ya vipande viwili vyenye springi katikati. Angeweza kunitoza pesa nyingi siku ileile. Aliniambia niendelee kuendesha, nirudi mlio ukiongezeka au gari likianza kugonga wakati wa kuzima. Nimeenda nalo Mombasa na kurudi tangu wakati huo, na kwenye mlima wa Mazeras, pale malori yanapokulazimisha kwenda pole pole, gia ziliingia laini kuliko zilivyowahi kuingia tangu nilinunue.

Lililonivutia zaidi ni rafu yake ya oili. Kwenye lifti ya pili palikuwa na Mitsubishi Evo X yenye giaboksi ya SST, jina la Mitsubishi la klachi mbili, na uani kulikuwa na Honda Vezel ya haibridi. Zote tatu, pamoja na yangu, zina klachi mbili, na hakuna mbili kati yake zinazohudumiwa kwa namna moja. SST ina klachi za ndani ya oili kama yangu, lakini inataka oili ya Mitsubishi yenyewe. Vezel ina gia saba na klachi kavu, na wengi wanaoiendesha hapa Nairobi wanaamini ni otomatiki ya kawaida. Honda ililazimika kuyarudisha magari ya mfumo huo mara kadhaa kule Japani ili kurekebisha programu yake. Kila oili ilikuwa na rafu yake na karatasi yenye namba. Kijana mwenye Evo alitaka oili iliyobaki ya gari jingine itumike kwake ili aokoe pesa. Fundi alimkatalia kwa upole, akamwambia bora arudi mwisho wa mwezi.

Alikuja pia kijana mwenye GTI kama yangu akitaka injini iongezwe nguvu kwa programu. Mwanangu mmoja ana hamu hiyohiyo, kwa hiyo nilisikiliza. DQ250 ilitengenezwa kubeba Nm 350, na GTI hii inatoa 350 tangu kiwandani. Fundi alimweleza kwamba ukiongeza upande wa injini bila kuongeza shinikizo la klachi kwenye programu ya giaboksi, klachi zitateleza, na ukiongeza pande zote mbili basi oili ibadilishwe mapema kuliko kilomita 60,000. Mimi ningesema aliache gari lilivyo. Barabara zetu hazina mahali pa kuitumia nguvu hiyo kihalali.

Bei: oili lita sita za VW yenyewe Sh 16,800, filta na oringi Sh 4,500, kazi Sh 8,000. Jumla Sh 29,300. Ana oili ya kampuni nyingine yenye idhini ya namba ileile kwa bei nafuu, nami sioni ubaya wa kuichagua mradi namba iwe hiyo. Ni pesa nyingi kwa mwenye mshahara, nakiri, ila mekatroniki ikifa utalipa hesabu ya laki.

Sasa kasoro. Hakuna mahali pa kukaa. Nilisimama karibu asubuhi nzima, na mtu wa rika langu anahitaji kiti na kivuli. Hatoi dhamana ya maandishi, ni neno lake tu, na hilo angelirekebisha kesho akitaka. Risiti ya kodi ya eTIMS ilichelewa mpaka nikamkumbusha. Simu hapokei akiwa chini ya gari, kwa hiyo mtumie ujumbe wenye namba ya chasisi na kilomita, atakujibu jioni. Jumamosi usiende, pana msongamano na haraka, na kazi hii inataka asubuhi tulivu. Mwenye DQ200 au Vezel amwambie mapema, kwa kuwa klachi kavu anazihudumia siku maalumu ambazo msaidizi wake yupo.