Plagi za Kirikuu: ipi ununue, na kwa nini uende dukani na fila

Nilikuwa natoka Kibaigwa na Kirikuu yangu, kigari kidogo cha mizigo, nimepakia magunia sita ya mahindi (najua, uwezo wake ni kilo 350, tuyaache hayo), ikanizimia kwenye tuta la Mbande. Nikawasha, ikazima tena. Ikifika spidi ya 70 inatulia kama haijawahi kuugua. Nikipunguza kwenye vibao vya 50, usukani unatetema na ekzosi inapiga pu, pu, puh. Plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, hata sikuzifikiria, maana nilikuwa nimeweka mpya wiki mbili nyuma.

Hapo mjini fundi aliinua kiti, maana injini iko chini ya makalio yako, akaiacha inaunguruma na kuanza kuchomoa soketi za koili, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, mlio ukabadilika. Ya tatu, ukabadilika. Ya katikati, kimya, hakuna tofauti. Silinda hiyo ilikuwa imelala hata kabla hajaigusa. Akahamishia koili yake kwenye silinda ya kwanza; ugonjwa ukabaki pale pale katikati. Basi koili nzima. Akafungua plagi: nyeusi, imelowa petroli, na kile kichuma cha juu kilichopinda kimebonyea mpaka karibu kigusane na cha kati. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo, ya milimita 0.5 ikagoma kupita.

"Dada, hii ilidondoka kabla hujainunua."

Watu mkinunua plagi mnauliza bei, mnauliza ya Japani au ya China, halafu mnaondoka. Mwanya, yaani gepu, ile nafasi kati ya vichuma viwili vya plagi, hamuulizi. Injini nyingi za petroli zinataka mwanya wa kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kipimo cha gari lako kimo kwenye kitabu chake. Ukiwa mdogo mno, cheche inatoka lakini fupi na dhaifu. Ukikanyaga mafuta hewa inaingia nyingi, inawaka hata hivyo. Injini ikipunguza mzunguko, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa kidogo na mgumu kuwaka, cheche ile inashindwa, gari inamisi. Ukiwa mkubwa mno mambo yanageuka: inakusumbua ukiwa na mzigo mlimani. Kwa hiyo gari ikitetema chini na kutulia juu, usikimbilie kununua koili. Sikiliza kwanza kama kuna mpira wa hewa unaopiga mluzi, halafu toa plagi upime.

Sasa ninunue ipi? Mimi ni mtu wa Denso, sifichi. Denso ya kawaida, ya nikeli, ndiyo namba moja yangu. Niliyokuta kwenye gari hili lilipotoka bandarini ilikuwa Denso, na tangu nirudi kwake sijazimikiwa tena kwenye tuta. Kichuma cha kati ni kinene, unaweza kurekebisha gepu mwenyewe bila kutetemeka mikono. Ila ujue kwamba vigari hivi vya cc 660 injini yake inazunguka sana, na Wajapani wenyewe wanashauri plagi za nikeli zibadilishwe kwenye kilomita 7,000 hadi 10,000. Fundi anayekuambia "hizo ni mpaka zife" usimsikilize.

Namba mbili NGK, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba nikikosa Denso siumi kucha. Mwishoni mwa namba ukiona -11, mwanya wake ni milimita 1.1. Tatu ni plagi yenye ncha ya iridiamu badala ya nikeli, ya yeyote kati ya hao wawili. Ni nzuri, lakini ncha ya Denso Iridium Power ina unene wa milimita 0.4 tu, fundi akiichokonoa kwa bisibisi imekwenda na hela yako. Kwa vumbi na mafundi wetu, bado sijashawishika.

Bosch naiweka ya nne kwa sababu moja tu. Denso na NGK, namba ya joto ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka zaidi. Bosch ni kinyume. Muuzaji akikulinganishia kwa macho, atakukosea. Za bei ya karanga zisizo na jina: zinafaa kukufikisha nyumbani.

Tatizo lenyewe liko kwa wauzaji. Kirikuu ina silinda tatu, plagi zinakuja boksi la plagi nne. Ukiomba tatu, unaambiwa seti haikatwi. Ukisisitiza, anavuta sinia chini ya kaunta lenye plagi za kuokoteza, uchi, zimegongana na nati na bearing, anakuchagulia tatu. Hizo ndizo nilizouziwa mimi, sh 12,000 kila moja, bei ile ile ya zilizo kwenye boksi! Niliporudi nayo iliyobonyea, akanitazama kama nimeing'ata mwenyewe. "Mama, ikishafungwa kwenye gari hairudi." Na ukitaka kupima kabla ya kulipa, boksi likifunguliwa umenunua. Hivi nani hununua kitenge bila kukikunjua?

Siku hizi fila ya sh 5,000 inakaa kwenye pochi, pamoja na miwani. Nalipia nne, nafungua pale pale kaunta, napima moja moja huku foleni inaguna nyuma yangu. Washa ya plagi, ile pete ya chuma, ikizunguka ovyo na kutoka kirahisi kwa vidole, au maandishi kwenye kaure yakifutika kwa kitambaa chenye petroli, nashuku ni feki, narudisha zote nne, tugombane.

Ya nne imo kwenye dashibodi, ndani ya boksi lake, nimeivisha soksi ya mtoto isigongwe.